Ramani ya Ukutani, Mbagala

Kwenye kuta za shule za msingi, kuanzia Mbagala hadi Tandale, nimezoea kukuta ramani ya Afrika iliyopakwa kwa rangi ya mafuta, kila nchi na rangi yake. Huwa nasimama kuzisoma kama mtu asomavyo kitabu. Zinapendeza. Zinapokosea ni kwenye mstari: mchoraji ana brashi moja, na kila mpaka anaupa unene uleule, kana kwamba yote ilizaliwa siku moja.

Mpaka wetu na Kenya unatoka Ziwa Viktoria umenyooka, halafu unajikunja kuukwepa Kilimanjaro. Darasani husimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima. Hadithi tamu, ila mlima uliachwa upande wa Wajerumani katika makubaliano yao na Waingereza ya 1886, na mjukuu huyo hakuwa Kaizari hadi 1888.

Kusini kuna Ruvuma. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za mto, na Mbagala imejaa watoto ambao babu na bibi zao walitoka huko. Mstari ule unakata ukoo wao katikati. Ukutani ni wino tu.

Lakini mahali ninapoona ramani hizi zinatunyima somo zaidi ni Ziwa Nyasa. Sisi tunaupitisha mpaka katikati ya maji. Malawi wanaushikilia mkataba wa 1890 na kuuweka kwenye ufuko wa upande wetu, na ziwa lenyewe wanaliita Malawi. Julai 1964, huko Cairo, wakuu wa nchi za OAU waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta walipopata uhuru, na Nyerere aliliunga mkono azimio hilo. Leo Malawi wanalitumia azimio hilohilo dhidi yetu. Hapo kuna kipindi kizima cha mabishano, tena ya watoto wa darasa la sita!

Badala yake tunawauliza wataje nchi zinazopakana na Tanzania. Ni nane, anayezikariri anapata alama zake, kengele inagongwa. Mimi ningempa mwalimu kipande cha chaki, achore mstari wa pili juu ya ile rangi, kandokando ya ufuko, kisha awaulize: mvuvi wa Mbamba Bay akitupa nyavu asubuhi, anavua kwa nani?