Anayemwona Shahidi

Kazi nyingi husifiwa kwa aliye kileleni. Uhakimu nausifu kwa aliye chini, yule anayeketi katika mahakama ya Shanzu, Kisauni, mjini Mombasa, na mrundo wa faili mbele yake.

Njia ya kufikia kiti hicho si fupi. Ni shahada ya sheria, kisha Chuo cha Sheria cha Kenya, kujifunza kazi chini ya wakili, kuapishwa uwakili, na mahojiano mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama. Hakimu mkazi huanza na kesi za madai yasiyozidi shilingi milioni 5. Akipanda hadi hakimu mkuu, kikomo ni milioni 20. Kuhusu ujaji wa Mahakama Kuu, Katiba yataka tajiriba ya miaka 10.

Lakini ufundi wenyewe haupimwi kwa milioni. Chukua kesi ya unyang'anyi wa kimabavu, ambayo wakazi wa Kisauni na Likoni wanaijua vyema tangu vijana wa mapanga waanze kuwavizia watu njiani. Adhabu iliyoandikwa katika Kanuni ya Adhabu ni kifo, na hakimu ndiye anayeisikiliza kesi hiyo. Aliyeporwa ananyoosha kidole: "Ni huyu!" Mtaa mzima umekwisha hukumu. Hakimu lazima aulize: taa gani ilikuwa ikiwaka? Ilikuwa na mwanga kiasi gani? Ilikuwa wapi, na mshukiwa alisimama wapi? Maswali hayo Mahakama ya Rufani iliyasisitiza katika kesi ya Maitanyi mwaka 1986, kwani aliyetishwa gizani aweza kukosea bila kusema uongo. Mwamba ngoma huvutia kwake, ila wako pia wanaovuta bila kujijua.

Hasira za watu si ushahidi. Nchi ilipokuwa bado inaomboleza waliofukuliwa makaburini katika msitu wa Shakahola, ni mahakama hiyo ya Shanzu iliyoupa upande wa mashtaka siku 14, Januari 2024, uwashtaki mhubiri Paul Mackenzie na wenzake au waachiliwe. Waliozuiliwa walikuwa na haki ya kujua wanashtakiwa nini, hata wakichukiwa na kila mtu.

Kesi ikienda rufani, majaji husoma maandishi. Kesi ya Okeno ya 1972 yawataka waupime ushahidi upya, huku wakikumbuka kwamba hawakumwona shahidi wala kumsikia. Kigugumizi chake, jicho lililokwepa, kimya kabla ya jibu: hakimu asipoviandika, vimepotea.

Hapo ndipo kazi hii inapojipinga yenyewe: kila cheo anachopanda mtu humsogeza mbali na shahidi. Ndiyo maana miaka ya kuketi mbele ya kizimba, kalamu mkononi, si adhabu ya kungojea ujaji. Jaji aliyewahi kuketi huko chini huyasoma maandishi akijua ni nini karatasi haiwezi kubeba, na mshtakiwa wa Likoni anahitaji jaji wa namna hiyo.