Bakubwa na kontra ndefu

Bandugu, kila mara Mazembe yetu ya Lubumbashi inapojenga timu upya, huku Pweto tunaanza kuwatetea bakubwa: wapewe kontra ndefu! Mimi minasema hapana, mwaka mmoja unatosha. Muangalie Trésor Mputu. Nahodha wa 2009. Kwa macho yangu, hakuna aliyemushinda mupira. Finali ya 2010 FIFA ilikuwa imemusimamisha, lakini Mazembe ikapiga Espérance 5-0 kwetu Lubumbashi. 2015 yeye iko Angola, ku Kabuscorp. Kombe likaja tena, Samatta akafunga mechi zote mbili za finali. Baadaye Mputu akarudi, tukafurahi sana, hata mimi. Lakini kijana wa akademi anayengoja ku benchi, miaka yake mitatu nani atamurudishia?