Wanaoyapa Mashairi Sauti

Shairi lililotungwa Pemba halifiki Dodoma lenyewe. Lazima awepo mtu wa kulighani redioni au hadharani, naye ni nadra kukumbukwa. Sifa humwendea mtunzi.

Kabla ya kufungua kinywa, mghani huzipitia beti kwa kalamu. Tarbia iliyozoeleka ina mishororo 4, kila mmoja mizani 16: 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Mizani moja ikipungua, mahadhi hukwama; hapo huivuta irabu, neno la mtunzi asiliguse. Hupima pumzi, kwani ikikatika kabla ya kina, maana nayo hukatika. Msamiati wa Kipemba au Kimakunduchi huuulizia kwanza, asije akaupotosha mbele ya wenyewe. Hiyo ni heshima kubwa kwa watu wa visiwani.

Nyanda za kati zinaijua kazi hii. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, alibobea katika sanaa iliyokulia mwambao na visiwani, akazieneza ngonjera, mashairi ya majibizano yanayohitaji vinywa vya wengi. Wanafunzi walizikariri, wakazighani mbele ya umma. Walimu waliowasimamisha mstarini, wakiwarekebisha pumzi na vina, hawatajwi kwenye majalada.