Kopi-pesti inavyotuharibia tarehe za data

Kompyuta mpya ikifika, wengi wetu tunafanya hivi: tunachomeka hadisiki ya nje, tunachagua mafaili yote, kopi, pesti, tunaenda kunywa chai. Tukirudi, kila kitu kipo. Ndivyo tunavyodhani. Leo nataka kuikosoa hii kopi-pesti ya Windows, kwa sababu kwa mtafiti ina kasoro ambayo haionekani kwa macho mpaka siku tarehe inapohitajika.

Tuchukue Magole, Kilosa. Januari 2014 mafuriko yaliipiga Magole na jirani yake Dumila, nyumba zikaharibika na barabara ya Morogoro–Dodoma ikakatika. Miaka michache nyuma, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko mengine yalikuwa yameikumba Kilosa na kuharibu reli. Tuseme una folda yenye picha za matukio yote mawili, na unataka kujua maji yalifika wapi kwanza na yalipanda kwa muda gani. Hapo tarehe na saa ya faili ni data kama data nyingine.

Sasa tuangalie Windows inafanya nini. Ukikopi faili, inatunza tarehe ya kubadilishwa, lakini tarehe ya kuundwa inakuwa ya leo. Matokeo yake ni kichekesho: faili "limeundwa" 2024 na "kubadilishwa" mara ya mwisho 2014. Mtoto kamzaa mama! Watetezi watasema ni sawa, maana nakala hii kweli imezaliwa leo kwenye diski hii. Kiufundi wako sahihi. Ila lebo ya "Date created" haisemi "tarehe ya nakala", na mtu wa kawaida anaisoma kama tarehe ya kazi yenyewe. Lawama yangu iko hapo: programu inabadilisha maana kimyakimya, bila hata onyo moja.

Folda nazo hazisalimiki. Hata tarehe yao ya kubadilishwa huwa ya siku ya kukopi, kwa hiyo ule mpangilio wako wa "safari ya kwanza, safari ya pili" unafutika.

Halafu kuna suala la saa. Memori kadi na flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT32, unaoandika saa ya mahali bila kusema ni mahali gani. Diski ya Windows, yaani NTFS, huandika saa ya UTC. Picha ikipigwa saa 4 asubuhi Magole, kisha ikahamishiwa kwenye kompyuta iliyoachwa kwenye UTC, siku utakaporekebisha saa za kompyuta hiyo ziwe za Afrika Mashariki picha itasomeka saa 7 mchana. Saa tatu zimeongezeka. Kwa mto unaofurika, saa tatu si mchezo.

Dawa ipo, na imo ndani ya Windows yenyewe: Robocopy. Fungua dirisha la amri, andika:

robocopy D:\Picha E:\Picha /E /COPY:DAT /DCOPY:T

Hapo tarehe za mafaili na za folda zinahama zote. Watumiaji wa Linux, msijicheke: cp tupu inaweka tarehe ya leo hata kwenye safu ya kubadilishwa, kwa hiyo inaharibu kuliko Windows. Tumia cp -p, au rsync -a. Lakini Robocopy nayo naikosoa. Kwa nini uwezo wa msingi namna hii ufichwe nyuma ya amri ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hataijua? Kisanduku kimoja cha kuweka tiki kingetosha.

Hata hivyo tusiiabudu tarehe ya faili. Mtu yeyote anaweza kuibadilisha kwa amri moja, na kamera yenye saa mbovu inadanganya tangu mwanzo. Kwa picha, tarehe iliyo salama zaidi ni ile ya EXIF, iliyoandikwa ndani ya picha na kamera. Hiyo haiguswi na kopi-pesti, ila ukiituma kama picha ya kawaida kwa WhatsApp inafutwa. Omba picha za wanakijiji zitumwe kama dokumenti.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, iangalie namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Mtu wa Magole anayedai fidia ya shamba anaweza kuulizwa swali hilohilo ambalo msimamizi wako atakuuliza: hii picha ni ya lini, na unajuaje?

Kwa hiyo kabla ya kuhama kompyuta, weka tarehe kwenye jina la faili, mfano 2014-01-22_Magole, kopi kwa Robocopy, linganisha folda mbili, ndipo ufute ya zamani. Na daftari la uwandani usilitupe.