Taa Moja Inatosha: Namna ya Kuipima Modeli ya Gari la Majaribio

Anayetaka kununua modeli ya Citroën TPV, gari la majaribio la Kifaransa la mwaka 1939, aanze kwa kuhesabu taa za mbele. Akikuta mbili, airudishe kwenye boksi, hata kama rangi inang'aa na milango inafunguka. Gari lenyewe lilikuwa na taa moja tu, upande wa kushoto, kwa sababu sheria ya Ufaransa wakati huo haikudai zaidi, na Pierre-Jules Boulanger, aliyeiongoza Citroën, hakuona haja ya kulipia kisichodaiwa. Alikuwa amewaagiza wahandisi wake gari la wakulima: libebe watu wawili na kilo 50 za viazi, liende kilomita 60 kwa saa, na livuke shamba lililolimwa bila kuvunja mayai yaliyo kikapuni. Mkulima wa Trans Nzoia anayepeleka mazao sokoni Kitale msimu wa mvua hahitaji kufafanuliwa agizo hilo. Magari 250 ya majaribio yalikuwa yametengenezwa vita vilipozuka Septemba 1939. Mengi yaliharibiwa, machache yakafichwa Wajerumani wasiyaone, na matatu yakaja kupatikana mwaka 1994 yakiwa yamehifadhiwa ghalani. Lile ambalo dunia ililijua baadaye, 2CV iliyoonyeshwa Paris Oktoba 1948, lilikuwa limekwisha kusahihishwa: taa mbili, na injini inayopozwa kwa hewa badala ya maji. Basi gari la majaribio hutambulika kwa yale ambayo wahandisi walikuwa hawajayakamilisha, na modeli iliyo bora ni ile iliyoyaacha hivyo hivyo. Modeli iliyolirembesha imetengeneza gari jingine.

Baada ya taa, tazama bati. Mwili wa TPV ulikuwa wa madini mepesi ya aluminiamu, na boneti yake ilikuwa na mabonde kama mabati ya paa, kwa sababu bati jembamba likikunjwa mabonde hupata nguvu bila kuongezewa uzito. Mabonde hayo ndiyo mtihani mgumu zaidi wa mtengenezaji, na hesabu inaonyesha kwa nini. Modeli nyingi za kukusanya huwa za uwiano wa 1:43 (uwiano wa ajabu, nao ulitoka kwenye treni za kuchezea za Uingereza, milimita 7 kwa kila futi moja). Kwa uwiano huo, rangi yenye unene wa milimita 0.1 kwenye modeli ni sawa na kulipaka gari halisi tabaka la milimita 4.3. Tabaka kama hilo hujaza mabonde, huziba mianya ya milango na kuvimbisha kingo za madirisha. Ndiyo maana mng'ao mzito, ambao mnunuzi mgeni huuchukulia kuwa dalili ya ubora, mara nyingi ni dalili ya kazi iliyozikwa. Ishike modeli karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Vivuli vya mabonde vionekane vikali kutoka pua ya boneti hadi kwenye kioo. Vikififia katikati, rangi imemeza kalibu. Tazama na ndani pia: viti vya TPV vilining'inizwa kwa waya kutoka darini, mithili ya machela. Mtengenezaji aliyeweka viti vya kawaida vyenye miguu amenakili picha ya nje tu, au ameazima viti vya modeli yake ya 2CV ili kuokoa gharama.

Wapo wanaoshikilia kwamba rula inatosha, na kwamba haya mengine ni maringo ya wakusanyaji. Rula ina kazi yake. Peugeot 504 ya saluni ina urefu wa mita 4.49, kwa hiyo modeli yake ya 1:43 iwe karibu na milimita 104, na ikipungua kwa milimita 5 au 6 hakuna la kujadili. Lakini modeli inaweza kutimiza urefu huo na bado isifanane na 504. Kila kitu hakiwezi kupunguzwa sawasawa: bati la milimita moja lingebaki na unene wa milimita 0.02, na hakuna kalibu ya kiwandani inayosubu hivyo. Mtengenezaji hulazimika kuchagua atakachokitia chumvi kidogo na atakachokiacha, na uchaguzi huo ndio unaohukumiwa. Kosa la kawaida liko kwenye magurudumu. Mataili huwekwa mapana mno ili ekseli isivunjike, kisha mwili huinuliwa kuyapisha, na gari lililokuwa limekaa chini kwa utulivu linasimama kama limeshtuka.

Hapa ndipo wasomaji wa Kitale na Bungoma wana faida kubwa kuliko wanavyodhani. TPV haikupita barabara ya Webuye, lakini Pijo, yaani Peugeot, ilipita, na ilipita miaka mingi. 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Stesheni wagoni za Pijo, zenye viti vya safu tatu, zilibeba abiria wa magharibi kwenda Nairobi, na pikapu za 504 zilizounganishwa Mombasa zilibeba mahindi, maziwa na wagonjwa. Aliyezoea kuitambua Pijo kwa mbali, kabla hajaiona nembo, kwa mkunjo wa buti ya 504 au mapezi ya nyuma ya 404, tayari ana jicho linalohitajika. Jicho hilo limenolewa pia na magari ya waya. Kijana anayekunja waya kando ya shamba la mahindi na kukata magurudumu kwenye soli za kandambili hana kalibu wala rangi ya kujifichia. Ana mistari michache tu, na kila mmoja lazima useme kitu. Akiukosa mteremko wa buti, wenzake humwambia hiyo si Pijo, na hukumu yao ni kali kuliko ya jarida lolote la wakusanyaji. Atakayesema gari la waya halina uwiano, kwa hiyo halihesabiki, anasahau kwamba hata la kiwandani halina uwiano mkamilifu. Yote mawili yanapimwa kwa swali lile lile: alichokichagua fundi, je, ndicho kinacholifanya gari hilo kuwa hilo na si jingine?

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: tukisifu kasoro, hatutafungulia mlango kazi mbovu? Hapana, mradi tutenganishe kasoro ya gari na kasoro ya fundi. Kasoro ya gari ina sababu, nayo inaonekana kwenye picha za magari yaliyosalia: taa moja, mabonde, paa la turubai lisilokaza. Kasoro ya fundi haina asili yoyote: gundi iliyochuruzika kwenye kioo, mlango usiokaa sawa na mwenzake, gurudumu lililoinama. Pindua modeli pia uangalie tumbo lake. Zile za zamani za kusubiwa kwa aloi ya zinki, hasa za kabla ya vita, ziliharibika pale zinki ilipochanganyika na risasi kidogo. Aloi hiyo huvimba na kupasuka nyufa nyembamba polepole, na unyevu huongeza kasi. Dawa yake haipo. Katika mji wenye mvua kama Kitale, modeli yenye nyufa za namna hiyo isinunuliwe kwa bei yoyote.

Boksi na kadi yenye namba ya toleo vinapandisha bei, na mtu anayenunua ili auze tena ana haki ya kuvidai. Ila namba inathibitisha idadi tu, haithibitishi kazi. Karatasi yenye maana ni ile inayosema modeli imefuata gari gani hasa: la mwaka upi, lililohifadhiwa wapi, katika hali gani. Kitale inalielewa jambo hili. Makumbusho yake yalitokana na mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na mkusanyo wa namna ile una faida kwa mtafiti pale tu kila kitu kinapokuwa na maelezo ya kilikotoka. Kipepeo wa makumbusho asiye na maelezo ni pambo. Modeli ni hivyo hivyo.

Kipimo hiki cha kuziacha kasoro za gari zilivyo kinatuhusu kwa karibu kuliko kinavyoihusu Ufaransa. Kenya nayo ina gari lake la majaribio, Nyayo Pioneer, lililobuniwa kuanzia 1986 kwa agizo la Rais Moi, Chuo Kikuu cha Nairobi kikihusika, na kuzinduliwa Februari 1990. Yalitengenezwa matano, yakafikia kasi ya kilomita 120 kwa saa, na hayakuingia sokoni kamwe. Lilichekwa sana, na kicheko hicho kinaweza kumshawishi fundi alinyooshe na kulisafisha. Asifanye hivyo. Fundi wa jua kali wa Bungoma au Kitale atakayelitengeneza, kwa waya au kwa bati, aache pembe zake zile zile, kisha aandike chini yake jina lake, mwaka, na picha aliyoifuata. Na anayekusanya modeli za Kifaransa kwa maelfu ya shilingi ailipie kazi hiyo bei ya kazi ya ufundi, asiipunje kwa kuiita mchezo wa watoto.