Wavuvi wa Ziwa Rukwa na Elimu ya Upepo

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, hauna pwani, lakini kwa upande wa kaskazini umepakana na Ziwa Rukwa, ambako wavuvi huusoma upepo kwa umakini usiopungua ule wa wachezaji wanaoteleza baharini kwa ubao na tiara kule Paje, Unguja, ingawa wao hawapigwi picha. Ziwa hilo halina mto wa kulitoa maji, na kwa kuwa kina chake ni kifupi, upepo ukivuma kwa nguvu hunyanyua upesi mawimbi mafupi yaliyobanana, ambayo kwa mtumbwi ni hatari kuliko mawimbi marefu ya bahari. Mvuvi stadi hulielekezea wimbi omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, huku mwenzake akifua maji bila kupumzika. Hata hivyo, kinachostahili pongezi zaidi ni uamuzi wa kubaki mwaloni, yaani mahali pa kuegesha mitumbwi, kwa sababu ni uamuzi wenye gharama: nyavu hushonwa, bao huchezwa, na wachuuzi wanaongojea samaki wa kupeleka Tunduma hurudi na matenga matupu.