Chuma Hakirudi

Saa nzima ya kwanza fundi hakutoboa chochote. Alifungua boneti, akatoa nyumba ya filta, akachungulia kwa tochi ndani ya madigadi. Kisha akabandika kigezo cha karatasi ubavuni mwa Land Cruiser yangu, upande wa kulia, akakitazama kutoka mbali, akakibandua, akakibandika tena chini kidogo. Nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa asubuhi ya Nanyuki, mawingu hayajaufunika mlima.

“Fundi, kuna shida?”

“Hakuna, mzee. Ila chuma nikishakitoboa, hakirudi.”

Tulikuwa tunafunga snokeli, lile bomba jeusi linalotokea ubavuni mwa gari na kupanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Wengi hudhani kazi yake ni kuvukia mito tu. Ni kweli laga, yaani mikondo mikavu ya mito, za kuelekea Samburu hufurika ghafla, hata kama hapo ulipo hapajanyesha. Lakini adui wa kila siku huku Laikipia ni vumbi. Injini ya dizeli ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta zaidi ya lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Hewa ya karibu na paa ina vumbi kidogo kuliko ile inayotimuliwa na magurudumu, na filta hukaa safi kwa muda mrefu zaidi. Tena Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Injini isiyo na turbo haihitaji kubanwa pumzi zaidi na filta iliyojaa udongo.

Gari langu la awali lilifungwa snokeli mahali pengine, kwa muda wa kunywa soda. Kwa nje lilipendeza. Siku moja nikavuka laga, maji yakafika usawa wa taa tu, injini ikazima kwa kishindo. Kiungio cha ndani ya madigadi hakikuwa kimezibwa. Dizeli hukandamiza hewa karibu mara 20, lakini maji hayakandamiziki. Pistoni ikikutana nayo, konrodi ndiyo hupinda. Zangu zilipinda mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wangu ulikuwa injini nzima.

Ndiyo maana sikumharakisha fundi huyu. Alipiga alama kwa pointa, akatoboa tundu dogo, kisha kubwa zaidi, ndipo akaleta msumeno wa duara. Kipande cha bati kilipodondoka alikiokota, akakilinganisha na mdomo wa bomba. Akalainisha ukingo kwa tupa, akapitisha kidole pole pole kuzunguka shimo lote, akarudia sehemu moja ambayo mimi sikuona kasoro. Halafu akapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma kilichobaki uchi, akaisubiri ikauke, akapaka tena. Rangi hiyo haitaonekana na mtu yeyote, bomba linaifunika. Hapo ndipo nilipomheshimu kabisa.

Kiungio cha mpira alikipaka silikoni pande zote mbili, akaisawazisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, akakaza klipu kwa bisibisi, nusu zamu baada ya nusu zamu. Akakagua pia kile kimpira cha kutolea vumbi chini ya nyumba ya filta, kwa kuwa kikipasuka maji hupitia humo.

Mwisho akawasha injini, akavua kichwa cha snokeli, akapanda juu ya tairi na kuziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Injini ikatetemeka, ikalalama, ikazima. Hakuna hewa iliyokuwa ikipenya kwingine. Akashuka, akafuta mikono kwa tambara, akaniambia nikaendeshe.

Ukifungiwa snokeli yako, usiondoke gereji kabla fundi hajaziba bomba kwa kiganja mbele yako. Injini isipozima, kazi haijaisha.